Njaa ya Saa Sita Mchana

Mume wangu aliacha kula mwezi wa Novemba, na mimi nikaanza kula kwa niaba yake. Nalisema mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za ugonjwa tu. Ugonjwa ulikuwepo. Dawa ilikuwepo, na karatasi ya ndani ya boksi iliyoorodhesha madhara yake kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kijerumani nayo ilikuwepo. Lakini karatasi hiyo haikunitaja mimi popote.

Anaitwa Hénock. Ni mtu wa Likasi, huko Katanga, Kongo, na mimi, Evaline, ni Mpare wa Same. Tulikutana hapahapa Brussels, kwaya ya kanisa ikatuunganisha, na mwaka huu tunatimiza miaka minane ya ndoa. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha magari huko Forest, kitongoji cha jiji hili, upande wa kufunga milango, mpaka kiwanda kilipofungwa Februari mwaka jana. Mimi nafanya usafi kwenye nyumba za watu huku Etterbeek, na hukuhuku ndiko tunakoishi, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti.

Wengine walipoteza kazi wakapoteza na akili. Hénock hakupayuka wala hakunywa. Alikaa nyumbani, akapiga pasi, akaosha vyombo, akawa mume wa kuonyesha wageni, na mimi nikamsifia kwa rafiki zangu mpaka wakachoka. Ila kifua chake kilianza kuwaka moto. Kila akimaliza chakula cha mchana, kiungulia kinampanda mpaka kooni, anakaa wima kwenye kochi uso umekunjamana. Daktari akamwandikia vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Moto ukazimika ndani ya wiki moja. Wiki ya tatu, njaa nayo ikazimika.

Mfamasia wa pale kona, dada mmoja mpole mwenye miwani, ndiye aliyenisomea ile karatasi. Kupungua kwa hamu ya kula, akasema, huwapata watu wachache, rudini kwa daktari. Tukarudi. Daktari akabadilisha vidonge, na mwezi wa Januari akavisimamisha kabisa. Wakampima damu, wakamtia kamera tumboni, wakamlaza ndani ya mashine inayogonga. Hawakuona kitu. Hamu itarudi yenyewe, tukaambiwa. Kilichorudi ni kiungulia peke yake.

Hakuwa na maumivu mengine, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu akilia tumbo unajua pa kushika. Hénock alikuwa akikaa mezani vizuri, anasali, ananishukuru, kisha anaitazama sahani kama begi la abiria mwingine.

"Haiume," aliniambia. "Minaona tu hii byakula ni ya batu bengine. Kula weye, Eva."

Basi nikala. Wapare tunataniwa Tanzania nzima kwa ubahili, na mimi sina ubishi. Mama yangu alitulea sisi saba, na kwake chakula hakimwagwi. Alichobakiza mgonjwa humalizwa na anayemuuguza, na sufuria hukwanguliwa. Kila siku nilimpikia Hénock, kila siku aligusa vijiko viwili, na kila siku nilimaliza sahani yake nikiwa nimesimama jikoni, kwa hasira, kwa mkono uleule niliotaka kumlishia.

Sasa, njaa yangu naijua. Nimekaa nayo miaka arobaini na moja. Huja saa nne asubuhi, hukaa juu, karibu na mbavu, na chai na kipande cha mkate huimaliza. Mwisho wa Desemba ikaja nyingine. Nilikuwa kwa bibi mmoja wa Kibelgiji ninayemfanyia usafi kila Jumanne, nimeshika pasi, saa ya ukutani ikagonga saa sita. Ilishuka ikakaa chini, upande wa kushoto, nzito. Ilikuwa njaa ya mtu aliyeamka kabla ya jua na kunyanyua vyuma tangu hapo. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimenyoosha mashuka manne tu.

Nilikula mkate wote wa yule bibi, na jibini lake, kisha nikamwomba radhi. Jumatano, saa sita kamili, ikaja tena. Alhamisi ikaja, Ijumaa ikaja. Jumamosi nikaisubiri nimekaa kwenye kiti, mikono juu ya meza, na haikuja. Jumapili haikuja. Jumatatu saa sita ikanikuta kwenye foleni ya dukani, na nikalazimika kushika rafu nisianguke. Njaa gani hiyo inayopumzika wikiendi?

Nilijaribu kucheka. Kicheko kilikatika mwezi wa Januari, nilipogundua kwamba natafuna upande wa kulia tu. Meno yangu yote ni mazima. Mwenye pengo upande wa kushoto ni Hénock, jino aling'olewa kabla hatujaoana. Nikajikuta napapasa kwa ulimi nikitafuta pengo ambalo sina. Nikajikuta napangusa sahani kwa kidole gumba, duara moja, kutoka nje kwenda ndani, kama afanyavyo yeye. Nilisimama mbele ya sinki nikakitazama kile kidole, na nilikiogopa. Nasema kweli, nilikiogopa kidole changu mwenyewe.

Yeye alikuwa na kilo sabini na nane mwezi wa Oktoba. Kufikia Februari alikuwa na hamsini na nane. Mimi nilikuwa nimeongezeka kumi na moja, na kila mtu kanisani aliniambia nimependeza, kisha akamgeukia mume wangu akampa pole.

Katika ndoa yetu nilikuwa na sheria moja ya jikoni, kwamba viwavi haviingii. Watu wa kwao huvikausha, wakavipika na vitunguu na nyanya, na huvisifia kama sisi tunavyosifia kitimoto. Mwezi wa kwanza wa ndoa alileta pakiti. Nikamwambia achague, mimi au viwavi vyake. Alicheka, akaipeleka pakiti kwa shangazi zake, na hakuniomba tena hata siku moja. Nilihesabu huo ni ushindi.

Jumatano moja ya Februari, saa sita na dakika chache, nikashtuka niko Galerie d'Ixelles, pale Matonge, mtaa wa Wakongo, mbele ya duka la vyakula, na mkononi nina pakiti ya viwavi iliyokwisha kufunguliwa. Mfukoni nilikuwa na funguo za nyumba ya mtu niliyepaswa kuwa nikimdekia sebule wakati huo. Sikukumbuka kupanda basi. Nilitia kimoja mdomoni hivyohivyo kikavu, nikatafuna upande wa kulia, na machozi yakanitoka. Yalikuwa machozi ya kukumbuka. Nilikumbuka ua wenye ukuta mwekundu, na sauti ya mwanamke ikiita "Héno, kuya kula." Mimi sijawahi kufika Likasi.

Nilipoinua macho, Maman Lucienne alikuwa akinitazama kupitia kioo cha saluni ya upande wa pili, kitana mkononi. Huyo ni mdogo wake marehemu mama mkwe wangu, ndiye mkubwa wa ukoo wao hapa Brussels, na anasuka nywele pale tangu mimi sijajua Ubelgiji iko wapi. Hakunipungia mkono.

Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu, amevaa kitenge chake cha shughuli nzito. Hénock alimsalimia, akaongea naye kidogo, kisha usingizi ukamchukua palepale kochini, sweta limemmeza. Maman Lucienne alimtazama muda mrefu. Chai yake hakuigusa.

"Evaline," akasema taratibu, "mutoto yangu anakauka. Weye unanona. Minakuuliza kama mama, hii sahani yake, nani anaimaliza?"

"Mimi, Maman."

"Kila siku?"

"Kila siku. Chakula hakimwagwi."

Akavua miwani akaiweka juu ya meza. "Bon. Alors, njo hii. Kwetu, kile muntu mugonjwa anaachia, bibi yake haimalize. Inamwangwa inje, ama inapewa kuku. Bibi akimaliza, njaa ya bwana inamufwata yeye. Inaona kule njo kuko mulango. Hawakukuambia hii kintu?"

"Kwetu walituambia tusimwage."

Nilidhani atanigombeza, nami nilikuwa nimejiandaa kujibu. Badala yake alinishika goti, na huruma yake ikanitisha kuliko matusi. Alisema njaa hurudi kwa njia ileile iliyopita. Mimi nile kwanza, nibakize nusu, Hénock amalize sahani yangu. "Lakini si ile mahindi na maharagi yako," akaongeza. "Inapashwa kuwa kile njaa yenyewe inatafuta. Uliza njaa. Iko ndani yako, itakuonyesha."

Nilimsindikiza mlangoni kwa adabu zote. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni Mlutheri na mambo haya siyajui. Sikusema, kwa sababu nilikuwa nayajua tangu Desemba.

Jumatatu niliosha sufuria yangu nzuri nikapika viwavi ndani yake. Saa sita nilikula nusu, mbele yake, nikamsogezea sahani. Hénock alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Nilidhani ni mshangao. Ilikuwa hofu.

"Eva, weye unakula chenilles?"

"Nakula. Malizia."

Alichukua kimoja, akakigusisha mdomoni, akakirudisha. "Pardon," akasema. "Hapana." Na ndani yangu, upande wa kushoto, ile njaa nayo ilikuwa imekataa. Nilikuwa nimeshiba mpaka nahema, na bado inanivuta kama mtoto anayevuta gauni la mama. Siyo hivi, ilikuwa inasema. Siyo hapa.

Jumatano daktari alimpima tena. Kilo hamsini na nne. Safari hii hakutuambia tusubiri. Alitupa karatasi ya hospitali, Jumatatu inayofuata saa nane mchana, atalazwa na kulishwa kwa mpira kupitia puani. Nikamwuliza kama atapona. Alisema ataishi, na kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Ijumaa nilipiga simu kazini nikasema naumwa. Saa tano na nusu nikavaa koti nikasimama katikati ya sebule kama mjinga, nikaiambia ile njaa twende. Hénock alikuwa chumbani amelala. Miguu ikatoka.

Nilipanda tramu, nikabadilisha kituo cha Gare du Midi bila kutazama vibao, nikashuka Forest. Miaka minane sikuwahi kukanyaga huko. Ya nini? Kiwanda kilikuwa chake, mimi nilikuwa na ndoo zangu. Nilidhani miguu itanipeleka kwenye geti la kiwanda. Haikwenda getini. Ilikata kushoto kwenye duka la kufulia nguo, ikapanda mtaa mwembamba wa nyumba za matofali, na ilikuwa ikitembea haraka, hatua ndefu kuliko zangu, za mtu aliyepewa muda mfupi wa mapumziko. Kwenye mlango wa kijani ikasimama. Kidole changu kikabonyeza kengele ya pili kutoka juu. Sikusoma jina.

Mlango ukafunguka bila mtu kuuliza ni nani. Nikapanda. Kwenye ngazi kulikuwa na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na karanga za kusaga, na mate yakanijaa mdomoni mpaka aibu. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, amefunga kilemba, amevaa kandambili, ana miaka hamsini au zaidi. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye ngazi tupu, kisha akanitazama tena.

"Uko bibi yake," akasema. Hakuwa akiuliza. "Miye Ornella. Ingia, byakula iko tayari."

Ningeweza kugeuka. Kichwa changu kiligeuka. Lakini tumbo liliingia, na mimi nikalifuata.

Meza ndogo, viti viwili, sahani mbili zimeshawekwa. Nilivuta kile kiti kinachotazama dirisha, nikakaa, na nikamsikia Ornella akivuta pumzi. Chini ya meza mguu wangu ukagusa kitu. Ni ndala za bluu za Hénock, zile alizoniambia zilikatika akazitupa.

Akaleta maji ya kunawa. Akaleta bukari, ndivyo wanavyouita ugali wao, umechanganywa na unga wa muhogo, na bakuli la viwavi vilivyopikwa ndani ya sombe ya karanga. Nilikula. Sitasema uongo hapa, sijawahi kula hivyo, wala harusini kwangu. Kila tonge lilifika lilikotakiwa. Ile njaa iliyonikamata miezi miwili ilitulia kama mtu aliyevua viatu. Ornella hakula. Alikaa mkono shavuni akanitazama mpaka nilipopangusa sahani.

"Ata kidole," akasema. "Unakula kama yeye. Kabisa."

"Miaka mingapi?" nikamwuliza.

"Six ans. Kila siku ya kazi, à midi, saa sita. Kiwanda ni dakika saba na miguu. Wikiendi, samedi na dimanche, alikuwa yako."

"Na kitanda?"

Hakuinamisha macho, na nilimchukia kwa hilo, na nilimheshimu kwa hilo. "Kitanda ilikuwa ya mwaka ya kwanza," akasema. "Kiisha, ilibakia meza."

Nilipokuwa msichana nilidhani kuna jambo moja tu ambalo mwanamke huibiwa. Kitanda ningekilia, ningevunja vyombo, labda ningesamehe. Lakini mtu kumpikia mume wa mwenzake siku tano kwa wiki, miaka sita, mpaka njaa yake ijue ngazi zako bila kuuliza njia, hiyo ni ndoa. Mimi nilikuwa na mwanamume aliyekuja kwangu jioni ameshiba. Na mlango wa kwanza niliufunga mimi, siku niliyoikataa pakiti yake ya viwavi.

"Kwa nini aliacha kuja?"

"Kiwanda ilifunga. Alikuya siku ya mwisho, akakula, akasema, Ornella, sasa sina tena sababu ya kupita huku, minaenda kuwa bwana ya bibi yangu. Minakubali. Mwaka karibu muzima, hakuna kintu." Akaviringisha pindo la kitenge. "Alafu mu novembre, sonnette inaanza kulia. Kila siku, à midi. Minashuka, minafungua, hakuna muntu. Hakuna muntu ku barabara. Lakini minasikia kintu inapita pembeni yangu, inapanda ngazi. Njo minaanza tena kupika na kuweka sahani. Byakula inabakia vile vile. Mu décembre, inanyamaza. Minajua imepata fasi, lakini sahani minaweka tu."

Novemba ndipo vidonge vilipoifukuza njaa yake. Kwa hiyo kwanza haikuja kwangu. Ilikwenda kwa huyu, ikapanda ngazi zake, ikakaa kwenye hiki kiti mbele ya sahani iliyojaa, ikakosa mdomo wa kulia. Ndipo ikarudi Etterbeek, ikanikuta nimesimama jikoni namaliza mabaki kwa hasira.

"Atalazwa Jumatatu," nikamwambia. "Ana kilo hamsini na nne."

Ornella alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akaenda jikoni bila kuambiwa, akajaza bakuli la plastiki lenye kifuniko, akalifunga kwa taulo lisipoe. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama watu wanavyokabidhiana mtoto.

"Utamuambia nini?" akauliza.

"Sijui."

Gare du Midi, ninapobadilisha tramu, kuna pipa la taka. Nilisimama karibu nalo tramu mbili zikapita. Nataka ieleweke nilikuwa nafikiri nini pale. Nikilitupa lile bakuli, Jumatatu watamtia mpira, ataishi. Atakuwa mwembamba, atakuwa kochini kwangu, atanishukuru kwa kila kitu, hatatamani chakula chochote wala mtu yeyote, na atakuwa wangu wote mpaka kufa. Nikimpa, atarudishiwa njaa yake, na njaa yake ina anwani. Nitakuwa nimemponya na kumwonyesha njia kwa mkono wangu mwenyewe.

Watu wakisikia niliyofanya wataniita mwema. Sikuwa mwema. Nilikuwa nimechoka. Miezi miwili, kila saa sita, nilikuwa nikimtamani mwanamke wa Forest kwa tumbo langu mimi, na nilitaka mwenye kumtamani amtamani mwenyewe.

Nilifika nyumbani, Hénock amekaa kochini na blanketi miguuni. Nikapasha chakula, nikakileta mezani, nikamwita. Alikuja kwa kushika viti. Nilipofunua, mvuke ulimfikia, na uso wake ukabadilika polepole, kuanzia puani. Alijua sufuria kilimotoka, alijua mkono uliokipika.

"Eva," akasema.

Nilinawa nikala nusu yangu, tonge baada ya tonge, upande wa kulia, bila haraka, naye akitazama kinywa chake mwenyewe kikila usoni mwangu. Nusu ilipofika nikamsogezea sahani.

"Eva, miye mi..."

"Kula kwanza."

Akakata tonge dogo. Mkono ulikuwa umebaki mifupa, pete yangu inacheza kwenye kidole. Akalichovya, akalitia mdomoni, akafumba macho, na akala. Alipofika tonge la tatu nikaisikia inaondoka. Iliteremka upande wa kushoto, bila maumivu, kama mgeni anayenyanyuka kitini, na pale ilipokuwa imekaa pakabaki baridi. Nikapapasa meno kwa ulimi. Yalikuwa yangu, yote. Nilipomtazama, alikuwa akipangusa sahani kwa kidole gumba, duara moja, kutoka nje kwenda ndani.

Aliinua macho. Yalikuwa na maji, lakini chini ya maji kulikuwa na kile kitu nilichokiombea tangu Novemba kwa magoti. Alikuwa na njaa.

"Iko ingine?" akaniuliza.

"Ipo," nikamwambia. "Lakini si hapa."

Jumamosi na Jumapili alikula uji wangu na mchuzi wangu, kidogokidogo, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kumwudhi mwenyeji. Tuliongea habari za hali ya hewa. Usiku alinishika mkono mara moja, na nilimwachia ashike.

Jumatatu begi la hospitali lilikuwa tayari mlangoni tangu asubuhi. Pajama, mswaki, ile karatasi ya daktari. Saa tano na nusu Hénock alisimama mwenyewe, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. Akaja akasimama mbele yangu. Nilikuwa nafuta meza. Alisubiri, na nilijua anasubiri nini. Neno moja lingetosha, na alikuwa tayari kulitii, kwa sababu Hénock ni mtu mzuri, na hilo nalo ni sehemu ya ubaya wote huu. Nilifuta meza ileile palepale. Akafungua mlango akatoka, na begi akaliacha.

Nilimsikia kwenye ngazi. Tangu Desemba alikuwa akishuka kwa kushika ukuta, akipumzika kila ghorofa. Safari hii hakupumzika. Hatua zilikuwa ndefu, na alipofika ghorofa ya kwanza zilikuwa karibu kukimbia. Mume wangu alikuwa hai, alikuwa na njaa, alikuwa anakwenda kula. Nilifurahi. Nilisimama na kitambaa changu nikafurahi, na hilo ndilo ambalo sitamsamehe.